Mpinzani kwa Uteuzi

Nchi yetu haina jina, na msidhani ni uzembe. Ilikuwa nalo, tena refu. Kisha Mheshimiwa Pekee, rais wetu, akang'amua kwamba nchi yenye jina inakiri kuwapo kwa nchi nyingine yenye jina jingine, na hapo tayari mmeshakuwa wawili. (Neno hilo nina kibali cha kulitumia.) Jina likafutwa kwenye stempu, kwenye pasi na kwenye jezi za timu ya taifa. Siku hizi tukisafiri, maofisa wa uhamiaji hutuuliza tumetoka wapi, nasi hujibu "nyumbani", basi hutuweka kwenye benchi la pembeni. Ni benchi zuri, nimelikalia mwenyewe.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Umoja, iliyopita bungeni kwa kura moja, ya Mheshimiwa. Sheria hiyo ilieleza kwamba fitina zote duniani zilianza pale kitu kimoja kilipopata mwenzake. Kwa hiyo tukihesabu tunasema moja, moja tena, tatu. Viatu vinauzwa kimoja kimoja, cha kushoto mwanzo wa wiki na cha kulia mwisho wa wiki, ili visikutane dukani vikala njama. Mtu akibisha hodi mara moja anafunguliwa, akirudia anakamatwa. Tumezoea. Binadamu huzoea, na asiyezoea hasikiki tena.

Mtu niliyetaka kuwasimulia ni jirani yangu, Bwana Kulwa Nzengo. Nyumba yake na yangu zimegawana ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba akipiga chafya mimi humwambia pole. Alifanya kazi Baraza la Maneno, kitengo cha asili, yaani alichunguza neno limetoka wapi, limepita wapi, na limefikaje kwetu. Ilikuwa kazi ya kimya na ya heshima mpaka Waziri wa Umoja, Mheshimiwa Chakupewa, alipoitembelea.

"Neno halizuki tu," Waziri aliwaambia wanabaraza, akiwa amesimama juu ya kijukwaa alichokuja nacho kwenye gari. "Neno lina mama, lina baba, lina kijiji na lina watu wanaolilisha. Nataka kujua huu upinzani umezaliwa wapi, umelelewa na nani, na usiku unalala kwa nani. Ukiwa mgeni tutaufukuza. Ukiwa mwenyeji tutaukamata."

Bwana Kulwa akaanza na yale mepesi. Alieleza kwamba *adui*, *hasimu* na *dhidi* yametoka Uarabuni, yakaja na biashara, yakakaa, yakaoa. Waziri akafurahi sana. Maneno hayo yakaandikwa kwenye makadi makubwa, yakapelekwa uwanja wa ndege, bendi ya polisi ikapiga, na ndege ikaondoka nayo. Jioni ikarudi nayo, kwa kuwa kule yalikotoka walisema hawana upungufu.

*Kinyume* nalo likamtia Waziri wasiwasi. Bwana Kulwa alipomwambia kwamba limetokana na nyuma, likatolewa agizo kwamba ni marufuku kumpa kiongozi mgongo. Tangu siku ile watu hutoka ofisi za serikali kwa mwendo fulani ambao sina ruhusa ya kuutaja, na wengi wameumia kwenye ngazi.

Ndipo ikafika zamu ya neno lenyewe.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Kulwa, "hili upinzani ni la hapahapa. Linatokana na kupinga, na kupinga maana yake ya zamani ni kulaza kitu kikakingama njia. Pingo la mlango ni ndugu yake. Na pingu nazo."

"Pingu zipi?"

"Hizi za polisi, Mheshimiwa."

Mkuu wa polisi alikuwapo. Alizitoa zake kiunoni, akaziweka mezani, akaziangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mchumba wake ana ndugu jela. Amri ikatoka palepale kwamba pingu zote nchini zikamatwe. Tatizo likawa zitafungwa kwa nini. Mwishowe zilifungwa kamba, zikapigwa picha, kisha kwa sababu za kiusalama zikarudishwa kazini.

Bwana Kulwa angenyamaza pale, leo tusingekuwa na hadithi. Lakini watu wanaopenda maneno hawajui kuyaacha. Akaongeza: "Ila pingo halimchukii mwenye nyumba, Mheshimiwa. Linamsaidia alale."

Waziri alimtazama kwa muda, akatabasamu. Tabasamu la Mheshimiwa Chakupewa tunalifahamu sote. Likitokea, watu huanza kukumbuka kama wameaga nyumbani.

Hawakumkamata Kulwa. Walimkamata Doto.

Doto alikuwa pacha wake, fundi wa redio na pasi, mtu wa vichekesho vingi na madeni madogo. Polisi walikuja mchana tukiwa tunakula, wakauliza nani ni Doto. Doto akasema ni mimi, karibuni. Ushahidi haukuhitajika, maana jina lenyewe lilikuwa limekiri. Nani asiyejua kwamba Doto ni yule aliyemfuata Kulwa kutoka tumboni? Akasomewa shitaka la kuingia nchini kwa kumfuata mwingine anayefanana naye.

"Basi nichukueni mimi," alisema Kulwa.

"Wewe umekuja wa kwanza," ofisa alimjibu kwa upole. "Huna kosa lolote. Endelea kula."

Tangu siku ile mama yao, Mama Kulwa, mjane mpole anayeishi na mwanawe huyo, alikuwa akipakua chakula anapakua na sahani ya Doto, anaifunika kwa kawa, anaiweka kwenye kona ya mkeka. Ikifika alasiri huwamwagia kuku. Kulwa naye kila alipojitambulisha kwa mtu, mtu yule aliuliza, "Na Doto hajambo?" Waziri alimshauri ajibu kwamba hakuna Doto. Lakini nani ataamini? Hakuna mtu duniani anayeitwa Kulwa peke yake.

Mambo yangeishia hapo kama si wahisani. Wahisani ni watu wa mbali wanaotupenda kwa masharti. Waliandika kwamba wameona uchaguzi wetu, wameufurahia, lakini wangefurahi zaidi kama angekuwapo mgombea wa kushindwa. Bila mpinzani, wasingeleta msaada wa unga wala wa magari.

Serikali ikatafuta mpinzani nchi nzima. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu wote waliowahi kuwa na sifa hizo walikuwa gerezani, na wale wa nje wakiulizwa "wewe unapinga?" walikimbia. Mwishowe Waziri akamkumbuka mtu mmoja aliyeonekana kulijua neno lenyewe mpaka ukoo wake. Bwana Kulwa akaitwa, akapewa suti nyeusi, gari na kibendera, akaapishwa kuwa Mpinzani wa Taifa.

"Siiwezi kazi hii," alisema.

"Utaizoea," Waziri alimwambia, akimweka sawa tai. "Na ukiifanya vizuri, suala la ndugu yako litaangaliwa."

Kulwa akarudi nyumbani amevaa suti, akamwambia mama yake kwamba suala la Doto litaangaliwa. Nilimsikia mama kupitia ukutani akiuliza, "Litaangaliwa na nani, mwanangu?"

Sasa kuifanya vizuri maana yake nini? Wiki ya kwanza bungeni alisimama akasema anapinga kodi ya vivuli. Waziri akamwita pembeni: sheria ya nchi inampa kifungo cha maisha mtu anayepinga serikali, je, anataka kumfuata Doto? Wiki iliyofuata akaunga mkono kila kitu, hata kikohozi cha Spika. Akaitwa tena: mtumishi wa umma anayezembea majukumu yake adhabu yake ni kifungo cha maisha, na wahisani walikuwa wamekaa pale juu, kwenye roshani ya wageni, wakiandika. Kulwa alikonda. Alikuwa akilala mchana kwenye gari lake la kibendera ili asiongee na mtu.

Akabuni njia. Akaanza kupinga vitu ambavyo serikali nayo haivipendi. Akapinga malaria, akapinga ukame, siku moja akapinga vikali nzige. Lakini Mheshimiwa Pekee alisimama na kusema kwamba yeye na Mpinzani wako pamoja dhidi ya nzige, bunge likapiga makofi, na wahisani wakaandika barua nyingine.

Katika hali hiyo ndipo mama mzazi wa Mheshimiwa Pekee alipofariki.

Hapa lazima niseme neno kuhusu utani. Watu wa Bondeni, kwao Kulwa, na watu wa Mlimani, kwao Mheshimiwa, ni watani tangu enzi za mababu. Nyinyi mnajua utani ulivyo msibani. Mtani anaingia na viatu vya marehemu, anamwiga anavyotembea, anadai matanga yamekosa nyama. Mwisho anashuka kaburini, anajilaza, anasema hapo ni pake, na mwili haushuki mpaka alipwe atoke. Wala hakuna wa kumkasirikia. Atakayekasirika aibu ni yake na ya ukoo wake wote. Sheria ya Umoja ilikuwa imefuta vitu vingi, ila huu hakuna aliyethubutu kuugusa, maana wanaozika ni akina mama na mashangazi, na hao hawasomi gazeti la serikali.

Nilikuwapo mazikoni. Mabalozi walipewa viti kivulini, sisi raia wema tukapewa jua. Mwili ulikuwa umeshafikishwa, kaburi limechimbwa safi, mara watu wakaanza kunyoosha vidole. Bwana Kulwa, na suti yake nyeusi, alikuwa amelala chali mle ndani, mikono kichwani.

"Toka humo, mtani," alisema Shangazi Nyamizi, dada wa baba yake Mheshimiwa, ajuza mfupi aliyesimamia mazishi yote ya ukoo ule. "Mwenye nyumba amefika."

"Sitoki," sauti ilijibu kutoka chini. "Humu mna nafasi kuliko nyumba mlizotujengea. Tena hamvuji. Nimeshahamia."

Watu walimwangalia Mheshimiwa Pekee. Mheshimiwa akacheka. Basi sote tukacheka, mawaziri wakacheka, askari wakacheka mpaka bunduki zikawa zinatikisika begani.

"Na wewe, Mheshimiwa," Kulwa akaendelea, "mama yako alikuzaa wewe, akaona, akasema basi, inatosha. Mbona sisi unataka tukuchague kila mwaka?"

Lo! Mheshimiwa alijipangusa macho kwa leso. Balozi mmoja aliandika haraka kwamba upinzani nchini una afya njema. Na mimi nakiri sijawahi kusikia maneno ya kweli mengi namna ile yakisemwa kwa sauti mchana kweupe. Kodi ya vivuli aliitaja. Unga wa wahisani unavyokwenda Mlimani ukiwa mweupe na kurudi Bondeni ukiwa na mende aliutaja. Kila alichotaja tulikishangilia.

"Haya, sema unataka nini utoke," Shangazi Nyamizi akauliza, kama mila inavyotaka.

"Namtaka Doto."

Kicheko kikaruka hadi kwenye viti vya mabalozi.

"Sitanii," alisema Kulwa.

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu, maana kila mtani husema hatanii. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alishika ncha ya kanga akafuta machozi. "Mtu huyu ataniua mimi," alisema.

"Jamani, sitanii!" Sasa alikuwa ameketi, suti imejaa udongo mwekundu, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mfungulieni ndugu yangu. Hajafanya kitu. Mama anampakulia chakula kila siku anakimwaga. Nawaomba!"

Tukapiga makofi.

Waziri Chakupewa akasogea na mbuzi. Kulwa akamkataa. Akaletewa ng'ombe, akaletewa pikipiki mpya, akaahidiwa nyumba. Akajilaza tena, akafumba macho. Jua lilikuwa kali, nzi walikuwa wameanza kuja, na Waziri alinong'ona kwamba askari wamtoe kwa nguvu.

"Nani atamgusa?" Shangazi Nyamizi aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Mtani hajalipwa, mwili haushuki. Nimezika watu wa ukoo huu kabla wewe hujaota meno. Mpeni anachotaka, tumpumzishe wifi yangu."

Mheshimiwa Pekee hakuwa akicheka tena. Angeweza kumfunga mtu yeyote nchini, lakini si mtani aliye kaburini. Kulwa naye asingeweza kutoka bila ndugu yake. Kwa mara ya kwanza tangu Sheria ya Umoja, tuliona pande mbili zimesimama zinatazamana. (Nina kibali.) Nilijisikia furaha ya ajabu, ya hofu, na nikatazama kama kuna aliyeniona.

Gari lilitumwa gerezani.

Doto akashushwa. Zamani hata mama yao alikuwa akiwachanganya. Siku ile mtoto yeyote angewatofautisha: nguo za gereza zilimning'inia, na meno ya mbele hayakuwapo. Akasogea hadi ukingoni, akachungulia.

"Kulwa, unafanya nini humo?"

"Nakusubiri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Toka basi, unachafua suti."

Akainama, akampa mkono, akamvuta. Mtani alikuwa amelipwa. Mwili ukashushwa kwa heshima zote, na kwa kuwa mtani aliyelipwa ndiye anayeanza kufukia, Kulwa alishika koleo, na Doto akashika jingine. Walifukia pamoja. Sijawahi kuona watu wakifukia polepole namna ile. Waliongea kwa sauti ndogo, mara moja wakacheka, na donge kubwa la udongo Doto alilivunjavunja kwanza kwa mikono ndipo akalitupa. Hakuna aliyewaharakisha. Hata hivyo udongo ni kitu kinachoisha.

Doto aliweka koleo chini, akaanza kuja upande tuliosimama sisi majirani. Alikuwa ameshaniona. Alikuwa ameshainua mkono.

"Ndugu wananchi," ilisema sauti ya Mheshimiwa Pekee kwenye kipaza sauti. "Leo mila zetu zimeheshimiwa. Mtani wetu ametania, na mimi si mtu wa kushindwa utani. Kilichoombwa kwa utani, nimekilipa kwa utani. Na utani wa kaburini, kama tunavyojua sote, huisha udongo unapoisha. Ahsanteni kwa kuja."

Askari walimgusa Doto kiwiko. Watu walielewa polepole, kisha kicheko kikapanda, kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Walikiri kwamba Mheshimiwa amemshinda mtani kwa utani.

"Shangazi!" Kulwa alimgeukia yule ajuza. "Shangazi, hivi ndivyo ilivyo?"

Shangazi Nyamizi hakumwangalia usoni. "Umelipwa, mwanangu," alisema. "Umetoka mwenyewe."

Wahisani walipendezwa mno. Waliomba jambo lile liwe la kudumu, na serikali yetu ni sikivu. Ikapitishwa kwamba kila akifariki mtu wa ukoo wa Mheshimiwa Pekee, Mpinzani wa Taifa atashuka kaburini kwa niaba ya upinzani wote, atasema ya kusema, naye Doto ataletwa akae huru mpaka udongo uishe. Waziri Chakupewa alikuja mwenyewe kutoa habari. "Nilikuambia suala la ndugu yako litaangaliwa," alisema. "Limeangaliwa."

Baraza nalo likamtaka Kulwa aandike upya maana ya *mpinzani* katika kamusi. Karatasi ipo mezani kwake, nyeupe, na kila wiki wanatuma mtu kuiulizia.

Kulwa hakuwahi kumchukia mtu. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta, najua. Lakini siku hizi ikifika taarifa ya habari ya saa saba mchana anaacha kutafuna. Juzi Mheshimiwa Pekee alizindua mahali atakapozikwa yeye mwenyewe, Mungu amweke, shimo la ukubwa wa uwanja wa mpira, maana mtu wa pekee hawezi kulala kwenye kaburi la kila mtu. Malori yamejaza vilima vya udongo pembeni. Kulwa alialikwa kwenye sherehe kwa wadhifa wake. Akazunguka shimo lile lote taratibu, akatazama vilima, na aliporudi jioni nilimsikia akimwambia mama yake, kwa sauti nyepesi ambayo sijaisikia tangu walipomchukua Doto: "Mama, kulifukia lile, watu kwa koleo tu, ni miezi."

Leo mchana redio ilitangaza kwamba Shangazi Nyamizi amelazwa kwa kikohozi kidogo. Mama Kulwa ni mtu wa sala, mtu ambaye hajawahi kumwapiza hata kuku aliyekula mbegu zake. Nilimsikia akiweka upawa chini.

"Kikohozi kikavu?" aliuliza.

"Hawajasema, mama."

"Na Mheshimiwa mwenyewe?"

"Wamesema ni mzima."

Kisha nikasikia kawa ikirudishwa juu ya sahani ya Doto.

"Basi tusubiri," alisema.

Nami, upande wangu wa ukuta, nikaongeza sauti ya redio.